Firigisi ya Timu Zilizopumzika

Je, wale wasichana wa timu ya mabingwa wangetushinda hata kama nao wangecheza asubuhi? Swali hilo liliniondolea usingizi mwaka mzima. Kama jibu ni ndiyo, basi mimi nilikuwa mtu asiyejua kushindwa, na hasira yangu ilikuwa ya kitoto. Kama ni la, basi tulidhulumiwa mchana peupe, na waliotudhulumu walikuwa watu wakarimu ambao hata leo siwezi kuwaita wabaya. Nililigeuza huku na huku. Nikiamua ndiyo, naona aibu. Nikiamua la, nataka kupiga mtu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimesomea hesabu, na serikali haikuwa ikiajiri. Shule moja ya kutwa upande wa Kiminini, si mbali na nyumbani kwetu Kitale, ikanichukua niwe mwalimu wa bodi, anayelipwa na shule yenyewe. Kwa kuwa niliwahi kucheza mpira wa kikapu chuoni, nilikabidhiwa pia timu ya wasichana. Uwanja wetu ulikuwa sakafu ya saruji ambayo haikuwa yetu peke yetu. Wazazi walioshindwa na karo walileta mahindi, na pale ndipo yalipoanikwa. Kabla ya mazoezi tulifagia, na punje moja ikibaki, mtu anateleza hadi nguzoni.

Mwalimu mkuu alinieleza msimamo wake bila kuzunguka. Shule ilihitaji ghala. Mpira ukiifikisha shule mahali, sakafu itabaki uwanja. Usipoifikisha, atainua kuta. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayezungumzia mvua, na tangu siku hiyo sikuweza kuikanyaga ile saruji bila kuona kuta.

Mashindano tuliyokuwa tukienda yalifanyika Bungoma, na yaliitwa ya shule ndogo. Neno hilo lilinichoma. Mabingwa wa kila mwaka walikuwa kweli shule ndogo, tena ndogo kuliko sisi ukihesabu vichwa. Lakini vichwa vyenyewe vilikuwa juu. Wasichana wao walitafutwa kote, kila mmoja akiinama mlangoni, na karo yao ililipwa na wafadhili. Sisi tulichukua yeyote aliyeishi karibu na alikuwa na raba.

Hata hivyo kimo ningekivumilia. Kilichonitia wazimu ni utaratibu. Timu nne zilizofika nusu fainali mwaka uliopita hazikucheza asubuhi. Wenyeji waliziita wageni wa ndani. Zilikaribishwa ukumbini, zikanywa chai, zikachinjiwa kuku. Sisi wengine, majina yetu yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa sufuriani na kupigiwa kura, na washindi wa jua lile la asubuhi ndio waliokutana na wageni wa ndani mchana. Wenyeji hawakuona tatizo lolote. Kwao, aliyefika mbali mwaka jana ni mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima hakimbizwi kabla hajala.

Na firigisi walipewa makocha wao. Kule firigisi haipewi mtu hivi hivi. Ni ya mzee wa nyumba au ya mgeni mzito. Mwaka wangu wa kwanza nilimwona dirishani kocha wa mabingwa akiitafuna polepole, wasichana wangu wakiwa bombani wanakunywa maji.

Siku hiyo tulishinda mechi mbili za asubuhi. Mchana tukaitoa timu moja ya ukumbini kwa kikapu cha mwisho. Nusu fainali tukakutana na mabingwa. Ilikuwa mechi yetu ya nne na yao ya pili. Tuliongoza hadi karibu na mwisho, kisha miguu ikakataa. Kapteni wetu, msichana aliyesambaza maziwa kwa baiskeli kabla ya kuja shule, alikakamaa misuli, akalala chini akiuma kola ya jezi. Kocha wa mabingwa alikuja akanishika bega.

"Timu yako iko na moyo, madam," akaniambia. "Mtazoea tu."

Tutazoea nini?

Mwalimu mkuu alifurahia nusu fainali, akatupa mwaka mmoja zaidi. Mwaka ujao anataka fainali, akasema, la sivyo atamwita fundi.

Katika chumba cha walimu nilibishana na kila aliyekaa. Naibu wa mkuu alisema mashindano yote duniani hutenganisha wenye nguvu. Wakikutana mapema na kutoana, fainali itakuwa ya nani? Niliona ana hoja, na nikamchukia kwa kuwa nayo. Nilichora michoro ubaoni darasa likiwa limeshaondoka, nikaifuta, nikachora tena. Ilinichukua wiki kadhaa kuona nilichokuwa nikikitafuta. Kuwatenganisha wenye nguvu ni jambo moja. Kuwapumzisha ni jingine kabisa. La kwanza linalinda fainali. La pili linamkabidhi mshindi wa jana ushindi wa leo, na kuku juu yake.

Nilifurahi sana kupata jibu hilo, mpaka simu ilipolia. Alikuwa mwandalizi wa Bungoma, mwalimu mnene mcheshi ambaye huwezi kumkasirikia ana kwa ana. Akasema mwaka huu sisi ni wageni wa ndani, tusiharakishe kufika. Nilipowaambia wasichana walirukaruka kwenye saruji mpaka vumbi la mahindi likanipaliza. Mimi nikarudi kwenye swali langu, ila sasa lilikuwa limegeuka. Dhuluma ikikufaidi wewe, inaitwaje?

Siku ilipofika tuliketi ukumbini. Kuku waliletwa mapema, wa moto, huku nje uani vikaratasi vikikunjwa. Mwandalizi alikuja mwenyewe na kisahani, akakiweka mbele yangu. Firigisi. Makocha wengine, wanaume wote, wakageuka kutazama.

"Kwetu hii mwanamke hali," akatangaza. "Lakini madam leo si mwanamke, bana. Madam ni semi-fainali."

Walicheka hadi meza ikatikisika. Nami nilitabasamu, lakini hasira ilinipanda mpaka masikioni. Firigisi ambayo mama zao walipika miaka yote bila kuonja, leo imepatikana ya kunipa mimi, kwa sababu nilishinda mara tatu. Kumbe hakuna sheria wasiyoweza kuipinda, mradi wanampindia aliye juu. Dirishani niliona timu moja ngeni kutoka upande wa Kibabii, wamevaa sweta za shule, wakipanga foleni bombani. Mmoja alikuwa akifunga raba yake kwa uzi wa gunia.

Niliinama kwa kapteni wetu, nikamwambia ninachofikiria: tuiache meza hii, tucheze asubuhi.

Aliacha kutafuna. "Madam, mwaka jana tulikauka. Si hii ni zamu yetu?"

"Ni yenu."

"Na tukitolewa, ghala."

"Najua."

Sakafu ile ilikuwa yake kuliko ilivyokuwa yangu. Nikamwambia wakikataa sitasimama. Akageukia wenzake. Walinong'ona, mmoja akasonya, mwingine akauliza kama kuku watarudishwa. Hatimaye kapteni akafuta vidole kwenye soksi.

"Sawa. Lakini waambie watupange mwishomwisho, hii ugali ishuke."

Nilitoka uani. Nikamwambia mwandalizi karatasi itakayotoka kwanza sufuriani ichukue meza yetu, iwe ya yeyote, na sisi tucheze asubuhi. Akasema naharibu ratiba. Akasema kuku wameshapikwa. Akasema, kwa sauti ya chini sasa, kwamba nawaaibisha wenyeji. Hilo la mwisho liliniuma, nusura niombe msamaha.

Nikachana kipande cha karatasi, nikaandika jina la shule yetu, nikakikunja kama vingine na kukitupa ndani ya sufuria. Nyuma yangu, mlangoni pa ukumbi, wasichana walikuwa wameshaanza kufunga raba.