Sentimita Arobaini za Mume Wangu

Mume wangu ni msomaji wa kipimo cha mto. Ukimwambia mtu hivyo anakuuliza, "Hiyo nayo ni kazi?" Ni kazi. Kwenye nguzo ya daraja kuna ubao wa chuma wenye namba, kama rula ya mwanafunzi ila mrefu kuliko mtu. Kila siku saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni yeye huenda kuangalia maji yamefika wapi, akaandika kwenye daftari. Basi. Miaka ishirini na sita sasa. Mtaani wanamwita Bwana Sentimita, na mimi Mke wa Sentimita, jina ambalo sikuliomba.

Hakosi siku. Siku ya harusi yetu alikwenda kusoma kipimo kwanza, ndugu zangu wakadhani bwana harusi ameingia mitini. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alikuja hospitali suruali imelowa hadi magotini. Mimi ni fundi cherehani, kupima nakujua, na nilikuwa namtania, "Mimi nikimpima mtu natoa gauni. Wewe unapima unatoa nini?" Ananijibu, "Rekodi." Hapo mazungumzo yanaisha.

Haya. Mwaka huu ofisi ya maji ikaleta wapangaji mipango. Hawa ni watu wanaokaa na kukadiria miaka thelathini ijayo mkoa utakuwa na watu wangapi, watatumia maji kiasi gani, viwanda vitataka kiasi gani, na mto utakuwa na nini cha kuwapa. Wakaita mkutano ukumbini. Wakaalika wakulima wa chini ya daraja, wenye viwanda, walimu, na mume wangu, kwa sababu namba ni zake. Nikafunika cherehani nikaenda naye. Wifi yangu, dada yake mkubwa, tulimkuta amekwishakaa mstari wa mbele.

Huyu wifi ndiye aliyemlea mume wangu wazazi wao walipofariki. Ana bustani chini ya daraja, vitunguu na nyanya, na anamwagilia kwa mfereji unaotoka mtoni. Kwa mfereji huo alimsomesha mdogo wake, akasomesha wanawe, akafiwa na mume na hakumpigia mtu magoti. Mdomo anao, tena mkali, na mimi na yeye tumegombana mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini nikiugua, wa kwanza kuufungua mlango wangu ni yeye.

Mkuu wao alikuwa mhandisi, dada mmoja mpole mwenye sauti ndogo. Akawasha picha ukutani. Ilikuwa mstari tu. Kushoto uko juu, ukifika mwaka wa mafuriko makubwa, miaka kumi na nne iliyopita, unakatika, halafu unaanza tena chini.

"Kabla ya mafuriko," akasema, "maji ya kiangazi hayakuwa yakishuka chini ya mita moja na nusu. Baada ya hapo hayajawahi kufika hapo. Tumepoteza kama sentimita arobaini."

Akaeleza kuwa mji unakua na mto unapungua, na miaka thelathini ni karibu kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo mpango unapendekeza, kuanzia mwaka wa tatu, mifereji yote ya chini ya daraja ifungwe kila kiangazi, miezi mitano, maji yaende mjini. Miezi mitano! Kitunguu hakitapata hata muda wa kuaga.

Wifi akasimama. "Mwanangu, mto huu nauona kila siku. Haujapungua."

"Mama, namba zinaonyesha umepungua."

"Namba za nani?"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama mume wangu. Akainamisha kichwa, akawa anafuta kiatu ambacho hakikuwa na vumbi.

Nyumbani hakugusa chakula. Alikaa kwenye kiti cha wateja wangu, katikati ya vitambaa, macho kodo. Nikamwacha kwanza. Baadaye nikamuuliza kulikoni.

"Ubao," akasema. "Baada ya mafuriko, nani aliufunga ubao?"

Jibu nilikuwa nalo. Tuliufunga sisi.

Mafuriko yale yaliubeba ubao wa zamani. Ofisi ikasema fundi atakuja. Mwezi wa kwanza fundi hakuja, wa pili hakuja, wa tatu ndio kabisa. Mume wangu akawa anakonda. Kila siku saa tatu anakwenda kuitazama nguzo tupu, anarudi. Mwishowe wakamletea ubao mpya, wakamwambia auweke stoo amsubiri fundi. Akausubirisha siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Mke wangu, twende ukanishikie."

Sasa utaufunga wapi, wakati alama ya zamani imekwenda na maji? Yeye alikuwa na alama yake, nayo ni mimi. Enzi za uchumba nilikuwa nafua pale chini ya daraja, naye anakuja na daftari lake kujifanya ana kazi nyingi. Alikumbuka kabisa kuwa nikisimama penye nguzo, bega langu lilikuwa linafika kwenye mita mbili na nusu, maana sifuri ya ubao iko chini kabisa, kwenye kina, si pale niliposimama. Basi akanisimamisha, akaiweka mbili na nusu begani kwangu, akakaza boliti. Mke wa mtu nikageuzwa rula ya serikali! Tulicheka siku ile hadi machozi. Ofisi hatukuiambia, nayo haikuuliza. Nadhani kila mtu kule alidhani fundi alikuja.

"Sasa shida iko wapi?" nikamuuliza.

"Kidato."

Chini ya nguzo ile kuna kidato cha zege, kama ngazi moja. Kimo chake ni sentimita arobaini.

"Siku tunafunga ulisimama juu ya kidato," akasema. "Hilo nakumbuka. Lakini zamani, ulipokuwa unafua, ulikuwa unasimama juu ya kidato, au pembeni, mchangani?"

Alinieleza mara tatu ndipo nikaelewa. Kama zamani nilisimama mchangani, basi ubao ameufunga juu mno, namba zote za miaka kumi na nne zimesoma pungufu, na mto haujapungua hata tone. Kama zamani nilisimama juu ya kidato, ubao uko sawa, na mto umepungua kweli. Bustani ya wifi, mpango wa mkoa mzima, vyote viko chini ya nyayo zangu za usichana.

Nikafikiri. Nikajiona nimesimama juu ya zege, beseni pembeni, maji magotini. Nikasema ndiyo, ni juu. Dakika haijaisha nikajiona mchangani, vidole vinazama, nami nacheka. Nikasema hapana, ni chini. Kila nikifunga macho napata picha nyingine, na kila picha imenyooka kama ya kweli. Jamani, mtu anaweza kusahau miguu yake mwenyewe?

"Wewe ndiye uliyekuwa unaangalia," nikamwambia kwa hasira. "Hukuona nimekanyaga wapi?"

"Nilikuwa naangalia bega."

"Bure kabisa!"

Kesho yake tukashuka mtoni pamoja. Nikapanda juu ya kidato, nikajibana kwenye nguzo mbele ya watu wanaopita darajani. Bega likafika vidole viwili chini ya mbili na nusu, na hivyo viwili ni vya uzee. Kwa hiyo siku ya kufunga nilikuwa juu, haina ubishi. Nikashuka mchangani, nikasubiri miguu ikumbuke. Haikukumbuka kitu, ila baridi tu.

Siri ile ilinishinda. Mchana nilikuwa kwa wifi, nimemwambia yote. Akaacha kupalilia, akanitazama, halafu akapiga makofi kwa furaha.

"Mchangani! Nani anafulia juu ya zege lenye utelezi? Ulikuwa mchangani, wifi, nakwambia mimi!"

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo, lakini akili ninayo."

Nilirudi nyumbani nimeshiba matumaini. Nikamwambia mume wangu kuwa nimekumbuka, nilikuwa mchangani, aende akawaambie hivyo.

"Unakumbuka, au unataka?"

Nilikasirika sana. Nikamwambia huyo ni dada yake, aliyemlea, na neno moja tu litamwokoa. Na kama hataki kulisema, basi afunge mdomo, maana amebakiza miezi minane astaafu, na wakijua ubao wa serikali ulifungwa kwa bega la mke wake watamfukuza na tutachekwa mpaka na kuku. Akaniuliza sasa atii lipi, aseme au anyamaze. Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua. Siku ile nilishona mkono wa kushoto wa gauni la mtu mahali pa mkono wa kulia.

Mkutano wa pili, yeye mwenyewe akanyoosha mkono. Aliongea akiwa ameshikilia mgongo wa kiti. Akaeleza habari ya fundi asiyekuja, ya boliti, ya bega. Watu wakaanza kucheka, mimi nikatamani sakafu inimeze. Alipofika kwenye kidato kicheko kikakatika.

"Kwa hiyo ubao uko sawa au hauko sawa?" mhandisi akauliza.

"Sijui," mume wangu akasema. "Mke wangu naye hajui. Nimeandika namba miaka kumi na nne, na sasa sijui nimeandika nini."

Nilidhani atafokewa. Yule dada akavua miwani, akaifuta, akasema, "Asante kwa kusema. Tutapima." Akasimamisha mpango kwa wiki tatu.

Wiki tatu hizo wifi alikuwa mtu mwingine. Alimwita mdogo wake "shujaa wangu" mbele za watu. Aliandaa kitalu cha vitunguu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuandaa, akapita kwa wenzake wa mfereji akiwaambia wasiuze majembe. Mimi nilimsaidia kubeba mbegu. Mume wangu aliendelea kwenda mtoni saa tatu na saa kumi na moja. Nikimuuliza anawaza nini, anasema hajui aombe nini. Akiomba awe amekosea, kazi ya maisha yake imekwenda na maji. Akiomba awe amepatia, dada yake amekwisha. Nikamwambia alale.

Mpimaji akaja na kifaa chake cha miguu mitatu. Kumbe juu ya daraja kuna pini ya shaba iliyozikwa kwenye zege tangu daraja lijengwe, na kwenye makabati ya makao makuu kuna karatasi inayosema sifuri ya ubao inatakiwa iwe chini ya pini ile kwa kiasi gani. Mume wangu alikuwa ameipita pini hiyo miaka ishirini na sita bila kuambiwa na mtu. Mpimaji akachungulia, akaandika, akachungulia tena. Akapima na upana wa mto, kina chake, na kasi ya maji, ajue yanayopita ni kiasi gani. Kisha akampigia simu mhandisi, naye akaja mwenyewe.

"Umekosea sentimita moja," akamwambia mume wangu. "Moja tu, kwa bega. Fundi wetu asingefanya vizuri zaidi. Rekodi yako ni safi." Akampa mkono.

Mume wangu akaupokea mkono ule na kuutazama kama kitu alichookota. Mimi nilikuwa kando, nikatabasamu, halafu nikakumbuka maana yake, tabasamu likanigandia usoni. Kumbe nilisimama juu ya zege siku zote. Hata sasa nakwambia sikumbuki.

Tulikwenda bustanini pamoja. Wifi alituona tunavyotembea, akaweka ndoo chini. Mume wangu akamwambia yote, wima, bila kupunguza. Ubao uko sawa. Mto umepungua. Mpango utapita.

Nilisubiri atukane. Ningeona nafuu angetukana. Akafuta mikono kwenye kanga yake, akakaa kwenye ukingo wa mfereji.

"Yaani namba zilikuwa za kweli," akasema.

"Za kweli, dada."

"Zote? Tangu mafuriko?"

"Zote."

"Na wewe ndiye uliyekuwa unaziandika. Asubuhi na jioni."

"Ndiyo."

"Miaka kumi na nne unaona maji yanaondoka, halafu unapita hapa unanisalimia." Alimtazama, bila ukali hata kidogo, kama mtu aliyepotea njia anayeuliza. "Mbona hukuniambia, mdogo wangu?"

Mume wangu akaniangalia mimi nimsaidie. Mimi nikaitazama ndoo.

"Sikuona, dada," akasema. "Nilikuwa naandika tu."