Madam wangu Riyadh karithi cheo cha Lord huko Scotland, mimi nikapata jibu la kihamba

Wakuu, heshima kwenu. Hili nimelishuhudia mwenyewe, sikusimuliwa.

Mimi ni Mchaga wa Kibosho, dereva hapa Riyadh. Nalala Al-Suwaidi, namwendesha Madam Ailsa, daktari Mskoti anayeishi Al-Malqa.

Baba yake alikuwa Earl, yaani Lord wa ngazi ya juu, cheo ambacho ukoo wao ulipewa na mfalme wa Scotland enzi za mapanga. Mzee akafariki. Mtoto ni Madam peke yake, naye ana binti mmoja.

Binamu yake Ross, engineer wa bandari Jeddah, akaanza kumpigia simu. Eti cheo ni cha wanaume, Madam akikatae ili akichukue yeye.

"Yalla Elisante, twende Jeddah," Madam akaniambia. Njiani akasema amechoka na kelele, atakubali yaishe.

Ikaniuma. Nina mabinti watupu, na kaka yangu ananibana kihamba changu, shamba nililoachiwa na baba, nimwandikie mwanawe wa kiume. Nilikuwa karibu kukubali.

Nikamwambia, "Madam, usikubali kabla hujauliza."

Jeddah tukakutana na Ross hotelini, nami nikakaa mezani nao (mliofanya kazi huku mnajua si kawaida). Madam akampigia wakili wa ukoo, akaweka loudspeaker.

Wakili akasema Earl wa kwanza alifiwa na wanawe wote vitani, ndipo mfalme akaruhusu cheo kishuke hata kwa binti. "Ukikikataa, Ross hapati. Kitakaa bila mtu mpaka ufe, halafu kiende kwa binti yako."

Ross akawa mwekundu. "Hiyo haijawahi kutokea!"

"Babu yetu alikirithi kwa nani?" Madam akauliza.

Ross akanyanyua mkono kumwita mhudumu.

"Kwa mama yake, Ross. Picha yake ilikuwa ukumbini tangu tukiwa watoto."

"Ile ilikuwa dharura tu."

"Halas, imetosha," Madam akasema. "Nakichukua."

Nikatoka kwenda parking, jua la Jeddah linachoma, nikampigia kaka. "Kihamba ni cha Neema, binti yangu mkubwa."

Akafoka sana kuhusu mila. Nikamwacha amalize, nikarudia sentensi ileile.

Nilichojifunza: ukiambiwa "ndivyo ilivyo tangu zamani", uliza hiyo zamani ilikuwaje. Mara nyingi anayekwambia hajui.

Wenye mabinti watupu, nyie mmeamuaje? Na mnaopinga karibuni pia, sina hasira.

Neema nilimpigia palepale, nikamwambia kihamba ni chake. Nilidhani atalia.

Akauliza, "Baba, ile migomba ya huku juu naruhusiwa kuing'oa nipande parachichi?"