Chidulo Ndani ya Boila

Shemeji yangu Isaka hakuwa mtu mbaya, na atakayesema hivyo mbele yangu tutagombana. Alikuwa mtu wa aibu. Aibu nayo huua, ila haizungumzwi matangani.

Alizaliwa Lulindi, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akamwoa dada yangu Emilia, wakamzaa Theodora. Mwaka wa hamsini na sita akapata kazi ya kuchochea boila kwenye kiwanda kimoja cha mbao bondeni, chini ya kijiji cha Mnyambe. Boila ni pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji, mvuke wake ndio uzungushao misumeno. Mabamba ya hilo lake yaliungwa kwa misumari minene yenye vichwa. Msaidizi wake alikuwa Nurdini, Myao wa Masasi, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe.

Maji ya bonde lile yana chokaa. Haikupita miezi mingi, ukoko mweupe ukaganda ndani ya boila, kuni zikawa zinateketea bure. Bwana mwenye kiwanda akamwambia Isaka kwamba lisiposafika atatafuta mtu mwingine. Isaka akakumbuka jikoni kwake. Kwetu kisamvu kigumu hulainishwa kwa chidulo, yale maji makali yanayochujwa kwenye majivu, na Emilia alikuwa akiyasugulia hata masufuria. Basi kila Jumamosi Isaka akawa anabeba debe la chidulo na kulimimina ndani ya boila, bila kumwambia mtu ila mkewe. Ukoko ukaachia. Bwana akamsifu mbele ya watu na kumwita fundi. Jina hilo lilimkaa vizuri mno. Nilimtania kwamba sasa hata shikamoo zangu atazipokea kwa barua.

Miaka miwili baadaye nilikwenda kwao likizoni na gazeti. Mimi ni mwalimu, nikiwa na gazeti sinyamazi. Niliwasomea kwamba Uingereza wamejenga matanuri ya atomiki, na moto wake umefungiwa ndani ya mapipa ya chuma kinene. Moto huo hutoa mionzi isiyoonekana, nayo hupiga chembe za chuma na kuzihamisha mahali pake, moja moja, mwaka baada ya mwaka. Kwa macho pipa ni lile lile, lakini chuma kilichokuwa kikinesa sasa huvunjika. Isaka akauliza wanajuaje, ikiwa hakionekani kitu. Nikamwambia hutundika vipande vya chuma kile kile humo ndani, kisha huvitoa kimoja kimoja na kuvivunja.

Akaweka sahani chini. Kwenye maungio ya boila lake chidulo kilikuwa kikivuja kidogo kidogo na kukaukia juu ya misumari.

Jumapili baada ya ibada, boila likiwa limepoa, aligonga msumari mmoja kwa nyundo ndogo. Kichwa chake kikakatika kama kipande cha muhogo mkavu. Aliniletea kichwa kile mkononi, akanieleza yote. Nikamwambia aende kwa Bwana, aseme yote, na chidulo akitaje. Ningeweza kufuatana naye. Sikwenda, nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, na hilo ni langu mpaka kaburini.

Alimwonyesha Bwana kichwa cha msumari, akasema boila linaumwa. Chidulo hakukitaja, maana ufundi wake wote ulikuwa humo. Bwana akachungulia ndani, akaona panang'aa, akasema halijapata kuwa safi namna ile. Msumari mmoja utabadilishwa, kesho moto uwashwe. Baadaye fundi mmoja wa Lindi aliniambia kwamba wenye maboila wanaujua ugonjwa huo: maji ya magadi, au makali kama chidulo, yakikolea kwenye maungio, chuma hupasuka. Neno moja tu lingetosha.

Jumatatu Isaka alijilaza akasema ana homa. Aliamini kwamba asipokwenda moto hautawashwa. Saa tatu asubuhi tulisikia mshindo, na Emilia akaanza kulia kabla hatujaambiwa kitu. Nurdini alizikwa alasiri ile ile, na sanda ilifungwa tusione.

Afisa wa serikali aliandika kwamba boila lilizeeka. Isaka hakuulizwa neno. Ilipopita arobaini aliniomba tuende Masasi kwa Zena, mjane wa Nurdini. Alikiweka kichwa cha msumari juu ya mkeka, akamwambia yote, hata ile homa ya uongo.

Zena akasema, "Baba Theodora, siku ile haikuwa zamu yake. Walikuja kumwambia wewe unaumwa. Akasema, moto usipowaka watamfukuza rafiki yangu."

Isaka akalia kwa sauti, mtu mzima yule. Zena akakiokota kile kichwa cha msumari, akakifunga kwenye pindo la kanga yake, akatusindikiza hadi mlangoni. Hakusema karibuni tena.