Ngoie wa Milimita Thelathini na Tatu

Naona mmeanza kucheka kabla sijafungua mdomo, basi afadhali niseme mwenyewe: ndiyo, ni mimi yule mchoraji wa Likasi aliyemweka mwanamke mrefu kuliko mlango kwenye ramani ya jengo la etaji kumi, yaani ghorofa kumi, mbele ya Komisaa na watu wazima na akili zao, na kama mlisikia kwamba yule mwanamke alitoboa dari kwa kichwa, mlidanganywa kidogo, alitoboa kwa kalamu. Hiyo ndiyo aibu mnayoijua. Iko nyingine nyuma yake ambayo sijamwambia mtu, na leo kwa kuwa mmenikalisha na kuninunulia bia, nitaisema yote.

Ilikuwa miaka ile tulipokuwa tunaitana citoyen na citoyenne, yaani raia, tai zimekatazwa, majina ya ubatizo yamekatazwa, na Jumamosi asubuhi lazima uende salongo, ile kazi ya wote ya kufagia mji na kuchimba mitaro, upende usipende. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, nafanya kazi kwenye biro, yaani ofisi, ya Injinia Mwepu. Biro yenyewe ilikuwa vyumba vitatu tu, lakini msituone wadogo, kule ndiko zilikopigwa hesabu za majengo marefu: Injinia anapiga hesabu ya nguzo, unene wake, chuma kiasi gani ndani ya zege, udongo utabeba au hautabeba, kisha mimi nachora kwa wino mweusi juu ya kalki, karatasi ile inayopitisha mwanga. Halafu kulikuwa na Papa Kabamba, seremala mzee, aliyetengeneza maketi, yaani jengo zima kwa mbao, dogo la kuweka mezani, na madirisha yake yote. Na kulikuwa na binti yake, Ngoie.

Ngoie ndiye aliyekuwa kwenye mashine ya kutoa nakala za ramani. Ile mashine ilitumia amonia, inawasha macho, kila mtu akiingia chumba kile anatoka analia, ila yeye alikaa humo siku nzima akiimba nyimbo za misa polepole, na kichwani, ndani ya nywele, alichomeka kalamu nyekundu ya baba yake, ile bapa ya maseremala. Papa Kabamba kila siku anaitafuta kalamu yake meza yote, na kila siku iko kichwani kwa mtoto wake. (Jina lake la ubatizo lilikuwa Philomène. Serikali ilikuwa imelikataza, lakini serikali haikuwa inasikia nilivyokuwa naliita moyoni.)

Nilimpenda, nisiwazungushe. Nilimpenda mpaka nikawa naharibu kalki kwa makusudi ili nipate sababu ya kwenda kule kwenye amonia. Nikamwambia? Sikumwambia. Kwetu mtu hasemi maneno hewani, unatuma wajomba zako, wanaingia uwanjani kwa baba yake, wanasema neno lililowaleta, na mimi niliona sina cha kuwapa wajomba waseme. Nilikuwa nalala chumba kimoja na kaka zangu wawili. Baadaye Ngoie akapata kazi ya kufundisha ushonaji huko Mulungwishi, akaondoka siku ya Jumatatu, akanipa mkono, akasema, “Kasongo, ubaki muzuri,” nami nikajibu, “Na weye,” na hayo ndiyo maneno yote niliyokuwa nayo mwaka ule.

Sasa ndipo ikaja kazi ya lile jengo. Etaji kumi, hapa hapa Likasi, karibu na stesheni, kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni ya serikali. Injinia alikuwa amechora majengo marefu ya miji mingine lakini kwao hakuwa na hata moja, na kwa hili alikuwa kama mtu anayengoja mtoto wa kwanza. Akatuahidi kwamba likikubaliwa, ataomba kila mmoja wetu apate nyumba ndani yake. Mimi papo hapo nikajichagulia etaji ya nne, upande wa asubuhi, nikasema moyoni, nikipewa ufunguo tu, wajomba wanaingia kwa Papa Kabamba. Basi kila nguzo niliyoichora, nilikuwa nampandishia Ngoie ngazi. Miaka miwili nikaishi hivyo, naye yuko mwendo mfupi tu wa lori, na sikwenda hata siku moja, kwa kuwa nyumba ilikuwa bado.

Lazima niwaeleze desturi ya wachoraji, msije mkapotea. Ukichora jengo kwa mbele, unaweka mtu mmoja mlangoni. Si urembo. Ni mtu wa kipimo, anayetazama akimwona anajua mlango una urefu gani na jengo lina ukubwa gani. Wengine wanamweka bwana na kofia. Mimi nilitaka kumweka Ngoie, na hapo ndipo nilipoukanyaga mkosi kwa mguu wangu mwenyewe.

Maana nilikuwa naye tayari. Zamani, alipokuwa bado biro, nilimchora siku moja amesimama na marobota ya karatasi mkononi, kwenye ramani ya mlango wa jengo jingine, na kipande kile nilikikata nikakificha kwenye mtoto wa meza. Picha ya kamera sikuwa nayo. Kipande kile ndicho kilichokuwa sura yake. Lakini kilichorwa kwa kipimo cha moja kwa hamsini, Ngoie ana milimita thelathini na tatu, na ramani hii mpya ilikuwa moja kwa mia, yaani ilibidi awe nusu yake. Nikajaribu kumpunguza. Mara ya kwanza uso ukawa nukta. Mara ya pili ile kalamu ya kichwani ikapotea. Mara ya tatu nikatazama, nikaona mwanamke yeyote tu, mama wa sokoni nisiyemjua, nikashikwa na woga wa ajabu, kwa sababu niligundua kwamba bila kile kipande simkumbuki vizuri. Basi nikaweka kalki juu yake, nikamnakili vilevile alivyokuwa, mzima, na nakala ilipotoka nikaipaka kalamu yake rangi nyekundu. Etaji ya chini ilikuwa milimita thelathini na mbili, yaani mita tatu na ishirini za kweli, na yeye amepita hapo kwa milimita moja. Najua. Nilijua hata siku ile. Nikajiambia, nani atatazama mlango wakati kuna etaji kumi za kutazama?

Jumamosi baada ya salongo tukaenda kwenye ukumbi wa mikutano kumwonyesha Komisaa, mkuu wa serikali mjini, jengo letu. Watu wamejaa, wengine bado na majembe yao. Maketi ya Papa Kabamba iko mezani, ramani yangu imetundikwa ukutani, ndefu kama mkono. Injinia akaeleza nusu saa, upepo, uzito, misingi, anatoa jasho ndani ya abacost mpya, ile suti ya wakati ule isiyo na tai. Komisaa akainuka, mwanaume mrefu sana, akapita maketi bila kuiangalia, akaenda ukutani, akainama, akaweka kidole mlangoni.

“Huyu mwanamuke,” akasema, “kichwa yake inagusa plafond.”

Injinia akacheka kidogo, akasogea, akaona kichwa kimefika dari, akaacha kucheka.

“Hauteur ya etaji iko muzuri, Citoyen Commissaire. Trois mètres vingt. Nilihesabu minye mwenyewe.”

“Minye sijue mambo ya mètre. Minye najua muntu. Kama ule mwanamuke anagusa, minye nitaingia namna gani? Nitajikunja sawa mwizi?”

Ukumbi ukanong’ona. Mtu mmoja nyuma akasema wazi kwamba labda etaji zimefupishwa ili saruji iende mahali pengine, na wakati ule neno la namna hiyo lilikuwa linaweza kumpeleka mtu gerezani kabla ya chakula cha mchana. Injinia akanigeukia. Nikaona jengo lake lote likitikisika machoni mwake kwa sababu yangu. Ningeweza kusema, nilikosea kipimo, nisamehewe. Maneno matatu. Badala yake nikasimama, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema:

“Citoyen Commissaire, ule haiko muntu. Ni Maman Zaïre, inchi yetu. Tulimufanya mukubwa juu ya heshima.”

Wakapiga makofi. Naapa walipiga makofi, na wamama wa animation, wale wa kuimba na kucheza kwenye sherehe za chama, wakapiga vigelegele, na mimi mjinga nikavimba kifua. Komisaa akafurahi, akasema wazo ni zuri sana, jengo likisimama Maman Zaïre asimame mlangoni kweli, wa zege, urefu uleule. Kisha akainama tena.

“Na hii kitu nyekundu mu nywele?”

“Ni masomo, Citoyen Commissaire. Maendeleo.”

Makofi tena. Na makofi yalipopungua, nikasikia kikohozi nyuma ya meza ya maketi. Papa Kabamba alikuwa amesogea, kofia mkononi, amevaa miwani yake iliyofungwa uzi, anatazama ule mlango kwa makini kama anayesoma barua.

“Pardon, Citoyen Commissaire,” akasema. “Huyu ni mutoto yangu Ngoie. Na hii crayon ni yangu.”

Sijui kama mmewahi kusikia ukumbi mzima ukivuta pumzi. Komisaa akamtazama mzee, akanitazama mimi, akatazama kalamu.

“Weye dessinateur. Unamujua huyu mutoto yake?”

“Ndiyo.”

“Ulishaenda kwabo?”

“Bado, Citoyen Commissaire.”

“Bado tangu wakati gani?”

“Tangu miaka mbili.”

Akaanza kucheka yeye, kisha ukumbi wote, wenye majembe wakaegemea majembe, wamama wa animation wakakaa chini, kicheko kikatoka mlangoni kikaenda mpaka stesheni. Kilimwokoa Injinia, hilo namshukuru Mungu, kwa sababu mtu aliyecheka kiasi kile hawezi tena kukasirikia saruji. Komisaa akafuta macho, akasema jengo ni zuri, lipelekwe Lubumbashi Jumatatu, ila yule mwanamke atolewe mlangoni, mpaka wajomba wapite.

Tukarudi biro sisi watatu. Injinia akaniwekea wembe juu ya meza, akaenda zake. Wino wa kalki haufutiki, ndugu zangu, unakwanguliwa kwa ncha ya wembe, polepole, karatasi isitoboke. Nikaanza miguuni, kwa kuwa usoni sikuweza. Papa Kabamba alikaa kwenye stuli akinitazama, na nilipofika kiunoni akasema:

“Dimanche iliyopita, kiisha misa, bantu ya Kakanda balikuja kwangu. Balileta neno juu ya Ngoie.”

Mkono ukasimama.

“Nilibaambia bangoje. Minye nilikuwa naonaka vile unamuangaliaka, Kasongo. Nilisema, labda huyu naye atakuja. Miaka mbili natengenezaka madirisha pembeni yako, hauniambiake ata neno moja, na leo unamuonyesha mutoto yangu kwa Commissaire kabla ya kuniona minye.” Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonikata. “Ngoie anakuya samedi ijayo. Mulango yangu haina plafond. Upite tu.”

Nikamalizia kukwangua. Shingo, uso, kalamu.

Sasa aibu yenyewe ni hii: sikwenda. Wiki ile yote mji ulikuwa unaniita Bwana wa Maman Zaïre, wachimbaji wanaorudi kutoka Kamatanda wananipigia saluti barabarani, hata padri aliniuliza mchumba wangu anaingiaje kanisani. Jumamosi ikafika, nikavaa shati safi, nikatoka mpaka kona ya mtaa wao, nikaona watu wamekaa uwanjani, nikafikiri wote watacheka, nikarudi. Nikajiambia nitakwenda nikipata ufunguo. Watu wa Kakanda walirudi wiki iliyofuata na hawakuwa na ufunguo wowote, walikuwa na miguu tu.

Na jengo? Karatasi zilikwenda Lubumbashi, zikaenda Kinshasa, bei ya shaba ikaanguka, hazikurudi. Karibu na stesheni mahali pale wamama wanalima sombe, majani ya muhogo, mpaka leo, na mimi nikipita hujikuta nainua macho mpaka etaji ya nne, upande wa asubuhi, natazama hewa.

Miaka mingi baadaye Papa Kabamba alifariki, Ngoie akaja biro kuchukua vifaa vya baba yake, mume wake anamngoja nje na baiskeli. Alikuwa amenenepa kidogo na sauti ilikuwa ileile. Ukutani bado kulikuwa na nakala ya lile jengo, iliyotolewa baada ya ule wembe. Ni lazima mjue kwamba kalki ikikwanguliwa inabaki na ukungu, na nakala inatoa kivuli cha kijivu mahali pale. Mtu mwingine asingekiona. Yeye alitoa nakala maelfu kwa mikono yake. Akasogea, akaweka kidole mlangoni.

“Hapa kulikuwa kitu balikwangula.”

“Ndiyo,” nikasema.

“Ilikuwa nini?”

Alinitazama, akangoja. Mbele yangu hakukuwa na Komisaa, wala ukumbi, wala kicheko, kulikuwa na yeye tu, na sikuwa namwomba kitu, ilikuwa ni kusema ukweli tu wa jambo lililokwisha. Nikasema:

“Muti.”

Akatazama tena kile kivuli.

“Baba aliniambiaka ilikuwa na crayon,” akasema. Akachukua sanduku la vifaa, akanipa mkono kama ile Jumatatu. “Ubaki muzuri, Kasongo.”

Tangu siku ile niliapa, na kiapo nimekishika: kwenye milango ya ramani zangu sichori tena watu. Nachora miti, ya kipimo sahihi. Mkipita biro yoyote mkaona ramani ya zamani ya Likasi yenye mti mmoja peke yake mlangoni, mjue ni yangu. Na wewe kijana unayecheka sana hapo pembeni, nakuona tangu zamani unavyomtazama dada wa huyu mwenye bia, basi kesho asubuhi, kabla hujajenga chochote, nenda kwao.