Wino Kwenye Kidole cha Mutwiri

Hii aibu sijawahi kuisimulia bila kutazama chini, kwa hivyo mnivumilie. Mimi ni mtu wa kupanga mambo, lakini wikendi ile nilipangwa na wivu. Kawira, mke wa shemeji yangu, alijifungua wiki moja na mimi, na kila tulipokutana kwa mama mkwe huko Kaaga watu walipokezana mtoto wake Mwenda akicheka, huku Mutwiri wangu akirudishwa kwangu haraka kama sufuria ya moto. Nikachunguza (wivu una macho ya askari) nikagundua kwamba Mutwiri akidungwa sindano hupata homa na kununa siku mbili.

Sasa Jumamosi wahudumu wa chanjo ya surua wakabisha hodi, na kesho yake mama mkwe alikuwa na sherehe ya shukrani. Nilizima redio nikajibanza ndani mpaka wakaenda. Wengine huogopa dawa yenyewe. Mimi niliogopa mwanangu anune mbele ya Kawira. Lakini waliochanjwa walikuwa wakipakwa wino kwenye ukucha wa kidole cha mwisho, na watu wangeangalia, basi nikachukua kalamu nene ya kuandikia mabango, nikampaka.

Jumapili alicheka, jamani. Mama mkwe akambeba mbele ya akina mama wote wa kanisa, nami nikazunguka na chai nikitafuta uso wa Kawira. Alikuwa amekuja peke yake. Nilipogeuka, Mutwiri (anaota meno) alikuwa amenyonya kidole mpaka midomo ikawa nyeusi, kisha akajipangusa kwenye kitambaa cheupe cha nyanya yake.

Mama mkwe akakitazama kile kidole, kilichobaki safi kabisa.

“Wino wa chanjo hautoki hata kwa jivu. Mama Mutwiri, huyu amechanjwa na nani?”

Mama mmoja akasema labda na mwalimu wa kuchora. Walicheka mpaka chai ikamwagika, na mimi nikasema ukweli wote, hata ule wa wivu.

Kawira hakucheka. “Mwenda yuko nyumbani na homa tangu jana. Akidungwa simleti hapa mpaka apoe. Kwani ulidhani wangu ni wa mbao?”

Mama mkwe akaniambia, polepole, kwamba surua ilimchukua dada yake mdogo, na mtoto anayenuna akiwa hai anamtosha.

Jumatatu alikuja mwenyewe tukapanga foleni kliniki. Mutwiri alilia njia nzima ya kurudi, nikanyoosha mikono nimchukue, mama mkwe akakataa kunipa.

Siwadanganyi kwamba wivu umeisha. Mwenda ameanza kutembea juzi na wangu bado anatambaa, nami nimeuma meno. Lakini sindano ya Mutwiri sitaikwepa tena, hata kama inaangukia siku ya harusi, na anune mbele ya kijiji kizima.