Kahawa Mbivu ya Januari

Ilianza Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kipindi cha uhasibu, shuleni kwetu Bukoba. Mwalimu wa mazoezi, dada aliyetoka chuoni juzi tu, aliandika ubaoni hesabu za mnunuzi wa mazao za mwezi wa Januari. Tukapiga urari. Pande mbili zikalingana, tukafurahi.

"Sasa," akasema, "mnamwamini?"

Tukarudi kuutazama ubao.

"Madam, si imelingana?" akasema kiranja. Darasa likacheka.

"Imelingana. Ila mnamwamini?"

Nyuma alikaa mkuu wa idara, anamkagua. Alishamwambia mbele yetu kwamba maswali ya namna hii yanapoteza muda. Kama leo hayazai kitu, kesho anafundisha mwenyewe na tunarudi kunakili mifano ya kitabuni.

Mimi nilikuwa nimeona. Mstari wa tatu: kahawa mbivu, imechumwa wiki hiyo hiyo, kutoka kwa wakulima wa Muleba. Nyumbani ni Muleba, hapa Bukoba, mtaa wa Kahororo, nakaa kwa shangazi tu. Januari kahawa ya kibanjani kwetu, shamba la nyumbani, bado ni ya kijani, ngumu kama kokoto. Sare yangu hununuliwa baada ya mavuno, ndiyo maana kila Januari naanza shule na ya zamani.

Lakini darasani yote hayo husemwa kwa Kiingereza, ndiyo sheria, na changu ni cha kuokoteza. Jirani yangu akanipiga kiwiko. "We bubu, sema basi! Au mpaka upigiwe ngoma?"

Nikainamia daftari. Kengele ikalia. Madam akafuta ubao taratibu, ule mstari wa tatu akaufuta mwisho. Hakutuangalia.

Jioni sikumaliza chakula. Shangazi akauliza, "Mwana wange, ndizi zangu leo zina nini?" Nikamweleza yote, nikasema kwa Kiingereza siwezi.

"Kwani kahawa inajua Kiingereza?" akasema, akaondoa sahani.

Nililala vibaya. Nakiri, niliomba niamke na homa.

Asubuhi mkuu wa idara aliingia na kitabu kwapani. Madam akakaa nyuma, kwenye kiti alichokalia mkuu jana. Kabla kitabu hakijafunguliwa nilisimama, nikasema kwa Kiswahili:

"Mwalimu, yule mnunuzi wa jana mimi simwamini. Januari, Muleba hakuna kahawa mbivu."

Mtu akacheka. Sikukaa.