Fundi Aliyesikia Nusu

Fundi Kyule wa Kayole alijulikana kwa masikio yake. Alikuwa akiweza kukuambia spika imeungua wapi kabla hujaishusha begani. Masikio hayohayo ndiyo yaliyomponza.

Binti yake Wayua alikuwa ameimba kwenye albamu ya roki, yeye na vijana watatu wa Donholm. Hawakuwa na kampuni wala mdhamini. Walijirekodia chumbani kwa Ayuma, mpiga ngoma, madirisha wameyaziba kwa magodoro, na albamu wakaiita *Maji ya Jumanne*. Wayua alileta flashi yenye nyimbo kibandani kwa baba yake, akaipachika mwenyewe kwenye redio, akasimama mlangoni akitafuna ukucha.

Mezani palikuwa na spika moja tu. Kyule hujaribu moja baada ya nyingine, na siku hiyo alikuwa na ya kushoto. Alisikia gita likikwaruza na ngoma zikigombana nalo. Sauti ya mwanawe ilikuwa mbali, kama mtu anayeita akiwa bafuni kwa jirani.

"Hii ni kelele, mama," akasema. "Hata wewe mwenyewe husikiki."

Wayua akasema sawa. Jioni ile akawaambia wenzake watafute mwimbaji mwingine wa kuizindua albamu. Kyule alipopata habari alishukuru Mungu kimoyomoyo, maana sasa binti atatafuta kazi ya maana.

Wiki iliyofuata mteja akaleta spika mbili. Kyule akaunganisha zote, akawasha bila kutazama, na flashi ilikuwa bado iko palepale. Sauti ya Wayua ikatokea kwenye spika ya kulia. Karibu yote waliiweka huko makusudi, ikijibizana na gita la kushoto. Kyule akaketi juu ya mkebe wa rangi, akaisikiliza albamu mpaka mwisho, kisha akairudia. Mteja alingoja hadi akachoka, akaenda zake.

Siku zilizofuata hakutengeneza kitu. Wimbo wa tano, ule wa msichana anayeomba aamshwe bomba likianza kutoa maji, ulimkaa kichwani. Gita aliloliita mkwaruzo sasa alikuwa akilingoja kwa hamu. Lakini kadiri alivyoipenda albamu ndivyo lilivyomuuma lile neno lake, kelele. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwisho akampigia Ayuma.

"Mzee, kuna msichana anaitwa Wacuka anakuja leo mchana," Ayuma akasema. "Akishika hizo nyimbo zetu, hiyo nafasi ni yake. Show ni kesho."

Kyule alifunga kibanda, akasahau kufuli, akapanda ngazi za ploti walikoishi hadi juu kwenye kamba za nguo. Wayua alikuwa akianika. Mama Nyamai, jirani yao, alikuwa hapo na mablanketi yake.

"Nilisikiliza spika moja," Kyule akasema akihema. "Sasa nimesikiliza zote. Ni nzuri, Wayua. Naipenda."

"Ni sawa, Baba. Unasema tu ju Mum amekuambia sikuli."

Hapo Kyule akaogopa kweli. Sifa za mzazi anayeona mwanawe amenuna, nani huziamini? Akafumba macho, akaanza kuimba ule wimbo wa tano, na kwa kuwa hakukuwa na gita, akalipiga kwa mdomo. Jamani, fundi wa spika si lazima awe na sauti. Mama Nyamai alibaki na kibanio mdomoni.

"Hapo unangoja," Wayua akasema bila kugeuka. "Drums zinapita kwanza."

Akaanza upya, akakosea palepale. Mara ya tatu Wayua aligeuza beseni, akapiga ngoma kwa viganja, na zilipopita akaingia yeye mwenyewe. Kyule akanyamaza, machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

Wimbo ulipoisha Wayua akajifuta mikono kwenye leso.

"Nipe simu, Baba."

Akapiga. "Ayuma, Wacuka amefika?"

"Yuko hapa kwa gate."

Wayua alimtazama baba yake kama anayepima uzito wa kitu.

"Mwambie pole sana," akasema. "Nakuja."